Ombi la Siku Mia Nne na Thelathini na Moja

Nchi hii ipo. Ukitaka kuuliza iko wapi, uliza taratibu, na kwanza tazama aliyekaa nyuma yako. Mimi ninayesimulia sina maoni yoyote juu ya mambo yake. Maoni yangu niliyakabidhi ofisi ya kata mwaka ule yalipokusanywa, nikapewa stakabadhi. Nitasema yaliyotokea tu, na kama kuna mahali utacheka, hiyo ni juu yako.

Kiongozi wa nchi hiyo aliahidi, siku ya sherehe za taifa, kwamba kila mwananchi atakayepeleka ombi serikalini atajibiwa ndani ya sekunde moja. Hakusema atajibiwa nini. Watu walipiga makofi kwa dakika kumi na saba, kwa kuwa yeyote ambaye angekuwa wa kwanza kuacha angeonekana. Ikaundwa Wizara ya Majibu. Ikanunuliwa seva, yaani ile kompyuta kubwa inayopokea maombi yote kwa mtandao na kurudisha majibu, na mbele ya jengo ukasimamishwa ubao wa taa nyekundu wa kimo cha ghorofa mbili. Ubao ulionyesha namba moja tu: wastani wa sekunde ambazo ombi huchukua tangu linapoingia mpaka linapojibiwa. Namba hiyo ilikuwa 0.8. Ilikuwa 0.8 masika na kiangazi.

Aliyeitunza ni Sikudhani Nyoni, fundi wa takwimu, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mpole, mwenye hesabu nzuri. Kiti alichokalia kilikuwa cha Shomari Ndembo, ambaye ilisemekana amepelekwa masomoni. Barua ya kumpongeza ilibandikwa ukutani bila kutaja chuo, wala nchi, wala tarehe ya kurudi. Siku ya kwanza Sikudhani alikuta kikombe cha Shomari mezani, na chai ndani yake nusu. Alikiosha, akakirudisha kabatini, na tangu siku hiyo akawa anakuja na kikombe chake kutoka nyumbani.

Kwenye takwimu aliona jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Ombi la kukubaliwa lilichukua sekunde nne au tano, kwa sababu lazima mtu alisome. Ombi la kukataliwa lilijibiwa kabla mwombaji hajaondoa kidole. Kadiri watu walivyokataliwa kwa wingi, ndivyo kasi ya taifa ilivyopanda. Aliliona, akaendelea na kazi.

*

Siku moja Mkurugenzi wake, Bwana Gervas Mtitu, alileta programu mpya ya kupimia. Ile ya zamani ilikuwa na rangi mbili, hii ilikuwa na rangi kumi na sita. Utepe ulikatwa, dua ikasomwa, na Sikudhani akapewa kitabu cha maelezo. Yeye ndiye pekee aliyekisoma. Ukurasa wa tatu ulimtoa jasho, akaenda kugonga mlango wa Mkurugenzi.

"Mkurugenzi, programu hii inahesabu na maombi ambayo bado hayajajibiwa. Ile ya zamani ilihesabu yaliyokwisha tu."

"Ambayo hayajajibiwa ni yapi? Kiongozi alisema yote yanajibiwa."

"Ndiyo, Mkurugenzi. Lakini kama lipo hata moja..."

"Unasema lipo?"

Kutoka pale mlangoni Sikudhani aliweza kuiona ile barua ya pongezi ukutani. "Sisemi, Mkurugenzi."

"Basi iweke."

Aliiweka saa nne asubuhi. Ubao wa nje ulizimika kwa muda wa kupepesa jicho, kisha ukawaka tena na kuonyesha 4138.

Barabara nzima ilisimama. Mama muuza maandazi aliupa ubao mgongo na kuendelea kukaanga akitazama ukuta. Mzee mmoja aliyeisoma namba kwa sauti alikana papo hapo, akasema alikuwa anataja simu ya shemeji yake. Askari walifika wakawaamuru watu watembee wakiangalia chini, na watu, ambao tangu hapo walikuwa wanaangalia chini, wakashukuru kwa kupata kibali. Baada ya robo saa ubao ukafunikwa turubai, na redio ikatangaza kuwa unaoshwa.

*

Waziri wa Majibu, Mheshimiwa Dokta Ngurumo, alifika na magari tisa. Alisimama katikati ya chumba cha seva, akakohoa, akaihutubia mashine.

"Ndugu zangu, haraka ya taifa hili hatukuiokota njiani. Tumeipigania. Leo adui ametunyang'anya sekunde elfu nne mia moja thelathini na saba na nukta mbili, na mimi nasema atazirudisha, moja baada ya nyingine, kwa kufuata utaratibu."

Nyuma yake alisimama bwana mmoja wa suti ya kijivu. Hakutajwa jina, na kila mtu alimpisha.

"Nani anayetuchelewesha?" Waziri akamuuliza Sikudhani.

"Ni ombi moja, Mheshimiwa. Mengine elfu tisa ya leo hayana neno. Hili liliingia siku mia nne na thelathini na moja zilizopita na bado linashughulikiwa. Limekaa muda mrefu kiasi kwamba peke yake linavuta wastani wote."

"Lisome."

Sikudhani akalisoma, na kila neno lilipotoka sauti yake ilizidi kupungua. "Naomba kujua aliko mume wangu, Shomari Ndembo, fundi wa takwimu wa Wizara ya Majibu, aliyeondoka nyumbani asubuhi kwenda kazini. Wako mtiifu, Havijawa Salim."

Sikudhani aliinuka kwenye kile kiti polepole, kana kwamba kimepata moto.

"Likate," alisema Waziri.

Seva za nchi nyingine hulikata ombi zenyewe likizidi dakika moja. Ya nchi hii ilikatazwa, kwa sababu Kiongozi alisema hakuna mwananchi atakayekatwa kauli. Sikudhani alilieleza hilo kwa heshima, kisha akaongeza: "Ninaweza kulikata kwa mkono, Mheshimiwa. Lakini mashine itaandika jina la aliyeamuru, pamoja na ombi lenyewe, kwenye taarifa inayokwenda mezani kwa Kiongozi kila Ijumaa."

Waziri, aliyekuwa amenyoosha kidole, alikikunja na kukitia mfukoni. Alimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi alikumbuka kwamba mkono wake wa kulia una maumivu tangu utotoni. Wote wawili wakamtazama bwana wa suti ya kijivu, naye akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo. Hapo Sikudhani akatambua kuwa hata yule bwana anaogopa. Jambo hilo halikumfariji hata kidogo, maana sasa hakujua kilicho juu yake ni nini.

"Na mwenye ombi akiliondoa mwenyewe?" bwana huyo aliuliza. Sauti yake ilikuwa laini, kama ya daktari wa watoto.

"Akifunga ukurasa kwenye kompyuta yake, itaandikwa kwamba mwombaji ameondoka, bwana. Halitahesabiwa tena."

"Kwa hiyo hajaufunga."

"Hajaufunga. Siku zote hizo."

*

Bi. Havijawa alikuwa na duka dogo la kuchapa barua na kutoa fotokopi. Aliletwa na askari wanne mpaka kwenye ukumbi wa wizara. Alikuwa amejifunga kanga safi, akakaa kabla hajaambiwa akae, akawekewa chai na biskuti.

"Mama," alisema Waziri, "serikali inakupenda."

"Asante, Mheshimiwa."

"Inakuomba ufunge ule ukurasa."

"Ukurasa umeniandikia, 'Tafadhali subiri, ombi lako linashughulikiwa.' Mimi nimetii. Nasubiri."

"Siku zote hizo umeme haukukatika kwako?"

"Umekatika sana, Mheshimiwa. Nimeunganisha betri mbili za gari. Nikienda sokoni, wifi yangu Chiku anakaa mbele ya ile kompyuta mpaka nirudi. Nijibuni tu, nitafunga sasa hivi."

Bwana wa suti ya kijivu aliinama kidogo. "Kompyuta hiyo tunaweza kuja kuichukua, mama."

"Ikichukuliwa ikiwa wazi, bwana," Mkurugenzi alinong'ona, "itaandikwa kwamba mawasiliano yamekatwa na Serikali. Ijumaa ni kesho kutwa."

Yule bwana akaivuta chai iliyokuwa karibu, ambayo ilikuwa ya Waziri, akainywa yote.

Waziri akamgeukia Sikudhani. "Wewe ni mwanamke mwenzake. Mpeleke mgahawani ukazungumze naye. Una nusu saa. Asipofunga, tutajua hukujitahidi."

*

Mgahawa wa wizara ulikuwa mtupu isipokuwa mpishi na redio yake. Sikudhani alichagua meza iliyo karibu na redio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayekaa kwenye kiti chake?"

"Ndimi."

Alikuwa ameandaa maneno. Angemwambia kwamba ana mama anayemtegemea, kwamba wote wataumia, kwamba kufunga ukurasa si kumsahau mtu. Lakini Bi. Havijawa alimsogezea sahani ya biskuti aliyokuja nayo mkononi, akasema, "Kula kwanza. Unatetemeka," na yale maneno yote yakampotea.

"Wewe kazi yako ni kupima," mama aliendelea. "Basi nieleze mtu asiyejua. Siku mia nne na thelathini na moja zimekwenda wapi?"

Lilikuwa swali la kazi, na tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumuuliza Sikudhani swali la kazi. Alijibu kabla woga haujamuwahi. "Mashine inapima kila hatua peke yake, mama. Kwetu ombi lako lilikaa chini ya sekunde moja. Likapelekwa mahali pengine likajibiwe huko, na muda mwingine wote limekaa huko."

"Huko wapi?"

Redio ilikuwa ikieleza namna ubao unavyooshwa. Mpishi alikuwa akikata vitunguu. Sikudhani aliinamia meza mpaka paji la uso likakaribia kuigusa.

"Kituo cha Saba. Mlima Chumvi."

Bi. Havijawa hakulia. Alitandaza viganja vyake mezani kama mtu anayeizuia isiondoke. "Na hao wa huko wanasema nini?"

"Kila baada ya dakika tano mashine yetu inawauliza. Wanajibu: bado linashughulikiwa."

"Aliyekufa hashughulikiwi," alisema Bi. Havijawa.

"Sijui, mama. Mimi napima muda tu."

"Nipe karatasi yenye maneno hayo."

"Ina jina langu chini. Linajiandika lenyewe."

"Najua. Shomari aliniambia. Ndiyo maana nakuomba."

Mpishi alimaliza kitunguu, akaanza kingine. Anakumbuka, alivyosema baadaye, kwamba hakujisikia shujaa. Alipanda ngazi akishika ukuta, akaichapa taarifa ya ucheleweshaji, ukurasa mmoja, akaigonga muhuri wa wizara. Muhuri ulisema IMEHAKIKIWA KWA KASI. Aliikunja mara nne, akashuka nayo ndani ya kiatu, akamkabidhi mama chini ya meza.

Nusu saa ilipotimia walirudi kwenye ukumbi. Bi. Havijawa aliomba simu, akampigia wifi yake. "Chiku, funga." Nje turubai lilivutwa, na ubao ukasoma 0.8. Waziri alimkumbatia Mkurugenzi, Mkurugenzi akaikumbatia seva. Bwana wa suti ya kijivu hakumkumbatia mtu. Alimtazama Sikudhani miguuni, kisha usoni, kisha akaondoka.

*

Kituo cha Saba kiko juu ya mlima mweupe usiootesha kitu. Bi. Havijawa alifika huko kesho yake, akagonga geti. Wasimamizi wa kituo hicho hawakuwahi kupata mgeni aliyekuja kwa hiari yake, wakamwita Kamanda.

Kamanda aliisoma ile karatasi akiwa amesimama. Aliisoma tena akiwa amekaa. Ilikuwa imeandikwa, kwa herufi nzito, kwamba sekunde milioni thelathini na saba zilizokosekana katika haraka ya taifa zimekaa kwake. Hakukuwa na mahali pengine palipotajwa. Wizara ilikuwa safi, barabara zilikuwa safi, waya zilikuwa safi. Uzembe wote wa nchi, na muhuri juu yake, ulikuwa Mlima Chumvi.

"Nani mwingine ameiona hii?" aliuliza.

"Waziri mwenyewe ndiye aliyeniita wizarani, baba," alisema Bi. Havijawa. Hilo lilikuwa kweli.

Huyo Shomari Ndembo hakuwa na faili. Aliletwa bila karatasi, akawekwa bila karatasi, na kwa miezi kumi na minne Kamanda alimwogopa mtu huyo asiye na karatasi kuliko wafungwa wote, kwa kuwa hakujua nani angekuja kumuulizia. Sasa amekuja mtu, na ana karatasi. Alitoa amri huku akifuta jasho, na alipomfikisha Shomari getini alimwomba mkewe jambo moja tu.

"Weka saini hapa, mama. Kwamba ulipouliza, ulijibiwa ndani ya sekunde moja."

Bi. Havijawa akaweka saini. Kisha akamshika mumewe mkono, kwa sababu mwanga ulikuwa mkali na Shomari hakuweza kufumbua macho, wakashuka mlima.

*

Sikudhani alisubiri kukamatwa. Alisubiri Ijumaa, akasubiri wiki iliyofuata. Alilala na viatu karibu na kitanda. Alipoitwa ghorofa ya juu aliagana na kalamu zake, na kumbe aliitiwa nishani: Mtumishi wa Kasi, Daraja la Pili. Waziri alimbandika kifuani, akahutubia kwa saa mbili juu ya ufupi wa muda. Sikudhani alitabasamu kwenye picha. Tangu hapo woga wake ukawa mbaya zaidi, maana mtu anayesubiri adhabu akapewa zawadi hajui tena aangalie upande gani.

Jumapili ya tatu alishindwa kuvumilia, akaenda dukani kwa Bi. Havijawa. Shomari alikuwa amekaa ndani, mgongo ukutani, mahali ambapo angeweza kuona milango yote miwili. Alikuwa mwembamba na nywele zake zimekuwa nyeupe kama huo mlima.

"Karibu, dada," alisema. "Mke wangu ameniambia."

"Kaka, samahani. Kwa nini walikuchukua?"

"Niliandika barua ya mistari miwili. Nilisema wastani wetu unahesabu waliojibiwa tu, na anayesubiri haonekani popote. Nilidhani ni kosa la programu." Alinyamaza mtu alipopita nje, akangoja mpaka nyayo zikaisha. "Kule nimeacha watu arobaini na mmoja. Mimi nilitoka kwa sababu mke wangu aliuliza. Wao ndugu zao wanaogopa kuuliza, au hawajui kwamba wanaweza. Hakuna anayewasubiri kwenye mashine, kwa hiyo hakuna anayechelewa."

"Unawajua majina?"

"Niliyasema moyoni kila siku. Sikuwa na kazi nyingine."

"Usinitajie," alisema Sikudhani.

Shomari aliitikia kwa kichwa. Hakumlaumu. Bi. Havijawa alileta chai, wakainywa, wakazungumza juu ya bei ya wino na juu ya mvua. Sikudhani aliaga. Alifika mlangoni, akasimama hapo mkono ukiwa kwenye komeo, muda ambao mimi sikuambiwa ulikuwa kiasi gani. Kisha akarudi, akakaa, akaomba daftari.

Jumatatu alifika wizarani kabla ya wenzake. Hesabu ya siku ilikuwa inaanza upya asubuhi hiyo, na maombi yaliyokwisha kuingia hayakufika mia. Alifungua ukurasa wa wananchi, kama mwananchi, akaandika: Naomba kujua aliko Bakari Mtengwa, fundi viatu. Chini akaweka jina lake mwenyewe, Sikudhani Nyoni. Hakutuma bado. Akafungua ukurasa mwingine, akaandika la pili: Naomba kujua aliko Yusta Kalinga, mwalimu wa hesabu. Vidole vilimganda mara mbili na ikabidi avipashe joto kwapani. Alipofika la arobaini na moja akayatuma yote kwa pamoja, na kwenye skrini yake kulikuwa na kurasa arobaini na moja, zote zikimwambia tafadhali subiri.

Alisogea dirishani. Chini barabarani watu walikuwa wakienda kazini macho yao yakiwa ardhini. Ubao ulisoma 0.8. Kisha 1.3. Kisha 2. Mama muuza maandazi aliinua uso, akaona, na safari hii hakugeuka. Alimgusa bega mteja wake. Mteja akainua uso. 6. Akasimama mwingine, na mwingine nyuma yake, na kufumba na kufumbua walikuwa kama thelathini wametulia tuli wakiitazama namba inavyopanda.

Katika korido ya ghorofa yake Sikudhani alisikia viatu vya watu wengi. Akavuta mlango wa ofisi akaufunga kwa ufunguo, akarudi kwenye kiti, na kompyuta akaiacha wazi.